Jinsi Nilivyomzuia Mzee Kasitu Kubatizwa

Katekista wenu amenitwisha kazi. Anasema ninyi vijana wa darasa la kipaimara mmemuuliza swali, mkalikataa jibu lake la kitabuni: ni nini hasa kinachomfanya mtu awe Mkristo? Akakumbuka kuna mzee mmoja mwenye maneno mengi na shughuli chache, akaniletea daftari na kalamu. Nikamwambia mimi si padre wala katekista, nilikuwa mchoma matofali. Akasema, andika hayo hayo ya matofali. Basi msininunie nikianza na udongo.

Ukitaka tofali zuri, chukua udongo wa kichuguu, uchanganye na wa bondeni, uumwagie maji jioni uuache ulale. Asubuhi ukanyage kwa miguu mitupu. Usivae viatu, maana mguu husikia jiwe na kiatu hakisikii. Kibao cha kufyatulia kiloweshe kila mara, la sivyo udongo utang'ang'ania na tofali litatoka bila pembe. Ukishafyatua, funika kwa nyasi. Hapa kwetu Ufipa upepo wa mwezi wa sita na wa saba hauna adabu; hukausha tofali upande mmoja, na upande wa pili ukabaki uji. Ninyi siku hizi mnanunua bloku za saruji Sumbawanga mjini, zinashushwa kwenye lori huku mmesimama mikono mfukoni. Sawa. Poa, kama mnavyosema.

Mimi ni Desideri, mzaliwa wa upande wa Mpui. Nilibatizwa nikiwa mchanga, kabla sijaota jino. Kufika miaka kumi nilikuwa naijua katekisimu yote kwa moyo, swali na jibu, hata ukinishtua usingizini. Kufika miaka ishirini na mitatu nilikuwa mnyapara wa matofali kwenye misheni moja ambayo sitaitaja, kwa sababu wajukuu wa watu nitakaowasema bado wanasali pale. Enzi hizo ni za Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya Hitla. Misheni ilikuwa inajenga kanisa jipya la matofali ya kuchoma mahali pa lile la nyasi, na msimamizi wa ujenzi alikuwa Bruda, mtawa wa Kizungu, mfupi mwenye mikono mikubwa na Kiswahili cha amri. Maneno yake yalikuwa matatu: leta, weka, siyo hiyo.

Kufyatua nilikuwa hodari, nasema kweli, sijisifu. Kuchoma ndiko kulikonishinda. Tanuru langu la kwanza nililipanga vizuri, nikalikandika udongo nje, nikalitia moto kutwa kucha siku nne. Tulipolibomoa, matofali yalikuwa mekundu ya kupendeza. Bruda akayatumia kwanza kwa banda la kuku la masista, kuyajaribu. Mvua za Desemba zikaja. Siku ya tatu banda likaketi chini polepole, ukuta mmoja baada ya mwingine, na Sista mkubwa akasimama barazani na mwavuli wake akiwatazama kuku wakitembea juu ya matope yaliyokuwa ukuta. Bruda akaja kunitafuta. Akaniambia, "Desideri. Kuku wako nje." Nilikuwa nimechoma ngozi ya tofali, ndani bichi.

Kwa sababu ya kuku wale ndiyo maana, kiangazi kilichofuata, Bruda alimwajiri Mzee Kasitu.

Mkipita barabara ya kwenda Laela, na sehemu nyingine nyingi za nchi yetu, mtaona mabaki ya matanuru marefu ya udongo ambayo mababu walichomea mawe wakapata chuma. Ukoo wa Mzee Kasitu ulikuwa wa kazi hiyo. Yeye mwenyewe aliifanya ujanani, hadi majembe ya dukani yalipoingia na watu wakaacha. Hakuyasamehe majembe yale. Kila alipopita kwenye duka la Waswahili mjini Sumbawanga alilishika jembe moja, akaligonga kwa ukucha, akamwambia mwenye duka, "Hii ni sahani." Mwenye duka, Mwislamu mmoja mpole sana, alikuwa akimwekea kigoda kabisa ili akae amalizie matusi yake.

Alikuwa mtu mfupi, jicho moja limesinyaa kwa cheche za zamani, na ugoro hauishi puani. Alikuwa mwepesi wa hasira. Tena alikuwa katika mwaka wake wa nne wa ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kubatizwa, ana medali yake ya wakatekumeni shingoni kwenye uzi mweusi. Darasani alimtesa katekista. Wenzake walikariri majibu. Yeye alitaka kujua safina ya Noa ilijengwa kwa mti gani, maana miti mingine huoza kwenye maji. Kuimba ndiyo usiseme. Akianza yeye wimbo, watoto walikuwa wanatoka nje kucheka.

Mkewe, Mama Leokadia, alikuwa amebatizwa miaka kadhaa kabla yake. Lakini kwa kuwa mume hajabatizwa, ndoa yao haikuwa ya kanisani, na kwa taratibu za wakati ule alizuiwa komunyo. Kila Jumapili watu wakipanda mbele yeye alibaki kwenye benchi, ameinamisha kichwa, akisogeza miguu ili wengine wapite. Walipanga kwamba sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mwezi wa nane, mzee abatizwe, kisha siku hiyo hiyo wafunge ndoa. Hesabuni wenyewe mama yule alikuwa anasubiri nini.

Sasa Mzee Kasitu alipofika kwenye tanuru, mimi nikiwa mnyapara, hakuninyanyasa hata kidogo. Mnielewe hapo. Alinifundisha. Alinifundisha kuelekeza midomo ya tanuru ubavuni mwa upepo, isiukabili uso kwa uso. Alinifundisha kuweka sikio karibu na ukuta: kama unasikia mlio wa kuvuta, moto unapanda, kama unasikia ukimya, moto umelala, amka uuamshe. Na siku moja aliniita peke yangu kwenye mdomo wa tanuru, akachukua ugoro kidogo kwa vidole viwili, akauachia hewani. Vumbi lile likavutwa ndani haraka. "Umeona?" akasema. "Koo lake liko wazi. Ukiona ugoro unarudi nje, kuna mahali matofali yamebanana." Nikacheka. Akasema, "Cheka, lakini ukumbuke."

Kabla ya kuwasha, alikuwa na jambo moja. Ukoo wao hawakuwasha moto wa chuma kama kuna watu wana vinyongo. Akatukalisha wote mviringo, akaleta kibuyu cha maji. Kila mtu achukue funda, alitunze mdomoni akitazamana na mwenzake, kisha ayateme pembeni na kusema wazi neno alilo nalo moyoni. Yule aliyesemwa ajibu, wapatane, ndipo mwingine achukue kibuyu. Kibarua mmoja, Joni, akasema ana neno na mwenzake Gaudensi kwa sababu ya jogoo. Gaudensi akakubali kwamba jogoo alimla. Watu wakacheka hadi Joni mwenyewe akacheka. Mwingine akasema ana neno na Bruda, lakini Bruda hayupo, akaambiwa aliseme hivyo hivyo. Kibuyu kikanifikia mimi.

Mimi nilikuwa na neno. Tangu mzee yule afike, vibarua walikuwa wananipita wakaenda kumuuliza yeye. Neno langu lilikuwa wivu, wala si kosa lake. Ningelitema pale lingeisha kwa kicheko, kama jogoo wa Joni. Badala yake nikasimama nikasema, "Mimi ni Mkristo. Ninaungama kwa padre, siungami kwenye kibuyu."

Mzee Kasitu akanitazama kwa lile jicho zima. "Vizuri, ndugu Mkristo," akasema. "Basi utachota maji. Kwenye moto usisogee."

Siku nne nikachota maji mtoni pamoja na akina mama, mnyapara mzima, na akina mama hawakuninyima mzaha. Tanuru likapoa, likabomolewa. Bruda akachukua matofali mawili kutoka katikati kabisa, akayagonganisha, yakalia kama chuma. Akavua kofia yake mbele ya Mzee Kasitu. Mimi tangu nimfahamu hakunivulia kofia hata siku ya Pasaka. Nilikwenda nyumbani bila kuaga.

Jumapili iliyofuata Padre alisoma kanisani majina ya watakaobatizwa, akasema anayejua kizuizi kwa yeyote aje ofisini. Ndiyo ilivyokuwa desturi. Padre wetu alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu na pumu, mkali kwa mambo ya kipagani lakini si mtu mbaya. Nikabisha hodi.

"Mzee Kasitu anatupa dawa kwenye tanuru, Padre."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona kwa macho yangu. Anaichukua kwa vidole viwili, anaitupia mdomoni."

"Na maji? Nimesikia habari za maji."

"Maji pia, Padre. Wanatema."

Aliandika, akakohoa, akanishukuru. Vijana, oneni jinsi nilivyofanya kazi safi. Niliyoyaona niliyaona. Vidole viwili, kweli. Mdomo wa tanuru, kweli. Neno moja tu, dawa, lilikuwa la uongo, na nililijua kuwa la uongo, kwa sababu ugoro ule nilifundishwa mimi na hakuna mwingine.

Siku ya Kupalizwa, wakatekumeni wamejipanga nje ya kanisa la nyasi, Padre akamwita Mzee Kasitu pembeni, lakini pembeni yenyewe wote tulisikia. Akamwambia ameshitakiwa kwa dawa za kienyeji, hatabatizwa, na ataanza tena ukatekumeni mwaka unaofuata. Na tanuru asilikaribie.

"Dawa gani, Padre?" mzee akauliza.

"Unajua mwenyewe."

Padre akaishika medali aivue, ila fundo la uzi lilikuwa la miaka minne na vidole vyake vikashindwa. Mzee Kasitu akaliinamia, akalifungua mwenyewe, akamkabidhi. Mama Leokadia alikuwa amebeba kitambaa cheupe cha kumvika mumewe baada ya maji, amekikunja vizuri kichwani. Aligeuka nacho hivyo hivyo akaenda nyumbani, na hakukishusha hata alipoinama kupita chini ya matawi ya ua.

Siku hiyo mimi ndiye niliyevuta kamba ya kengele. Siku hiyo hiyo nilipanda mbele nikapokea komunyo.

Tanuru la pili la mwaka ule liliwashwa mwezi wa tisa, mimi nikiwa peke yangu juu ya kazi. Bruda alikuwa amenuna, hakumpinga Padre, lakini aliniambia, "Desideri. Kuku," akaniacha. Kibuyu hakikuwepo. Nikawaambia vibarua tusali Baba Yetu, wakasali wakitazama chini. Ile sala ni nzuri kuliko kibuyu chochote, na ina maneno ya kusameheana ndani yake, ila tuliisema kama watu wanaohesabu hatua. Gaudensi na Joni walikuwa wamegombana upya. Joni alipangiwa kuleta kuni kavu kwa zamu ya Gaudensi. Akaleta mbichi makusudi, moshi umtoe mwenzake machozi. Gaudensi akasusa, akaenda kula. Ninaandika hili ili mjue kwamba lile jambo la kibuyu lilikuwa na maana ya kazi kabisa. Moto wa siku nne unalishwa na watu wanaopokezana, na mtu mwenye kinyongo hulisha vibaya.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, upepo ukageuka. Ukawa unapuliza moja kwa moja mdomoni, ndimi za moto zikaanza kutoka nje badala ya kuingia ndani, na ukuta wa upande wa pili ukapasuka ufa mrefu. Nikakimbia huku na huku na ndoo. Sikujua nianzie wapi. Kanisa zima la mwaka ule lilikuwa mle ndani.

Ndipo nikamwona Mzee Kasitu anakuja mbio kutoka shambani kwake. Mbio za mzee, mnazijua, mikono mingi kuliko miguu. Alikuwa ameuona moshi kutoka kwenye matuta yake ya maharage, akajua. Alikuwa amekatazwa kulikaribia tanuru, akalikaribia hadi likamuunguza. Akaanza kunitukana kwa Kifipa na kunipa amri kwa Kiswahili. Lete mabua! Simamisha ukuta wa mabua hapa, kinga upepo! Wewe, udongo mbichi, haraka! Ule ufa akaukandika kwa viganja vitupu, tope likawa linatoa mvuke mikononi mwake. Vibarua waliokwenda kula wakarudi wenyewe walipoisikia sauti yake. Baada ya muda ndimi zile zikaanza kurudi ndani.

Akaja akasimama mdomoni karibu nami. Akatoa kikopo chake, akachukua ugoro kwa vidole viwili, akaniinulia mkono usoni ili nione vizuri.

"Natia dawa," akasema kwa sauti kubwa. "Kamwambie Padre leo inavuta vizuri."

Nikakaa pale pale kwenye kuni.

"Mzee, ulijua?"

"Nilikuita wewe peke yako uone mkono wangu. Hawa wengine wanajua ugoro ni wa puani tu. Ningemshuku nani, Bruda?"

"Mbona hukumwambia Padre?"

"Angekufukuza. Halafu nani afyatue? Hawa?" Akawaelekezea kidole Joni na Gaudensi. Kisha akakaa na yeye, akipuliza viganja vyake vilivyoungua. "Na usidhani sikukasirika. Siku tatu sikusema na mke wangu, naye hana kosa lolote. Siku ya nne nikachukua maji, nikayatema uani kwangu, nikasema neno langu juu yako. Refu. Mama Leokadia akachoka kusikiliza. Basi likaisha."

Huyo Mama Leokadia mwenyewe akatokea njiani, na kapu kichwani. Alikuwa ameleta ugali wa ulezi na dagaa wa ziwani, kwa sababu alijua mumewe akiona moto hakumbuki tumbo. Nilidhani atampa yeye. Alipiga goti mbele yangu na chombo cha maji, akaninawisha mikono. Nikamwambia, mama, sistahili. Akaniambia, "Kula, mwanangu. Ukikaa na njaa, sijui utamsema nani tena."

Alisema huku anatabasamu, na macho yake yamejaa machozi. Nilikula ugali wenye chumvi yangu mwenyewe. Katika maisha yangu nimepigwa, nimetukanwa, nimeshitakiwa hata kwa jumbe. Hakuna adhabu iliyowahi kuniingia kama tonge lile.

Nilikwenda kwa Padre na tope mwilini. Nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu, "Kwa nini?" Nikasema wivu. Nilitazamia anipe rozari, hata hamsini, ningezisali kwa furaha. Akasema, "Ulisema ofisini, mimi nikatangaza nje. Jumapili utasema nje, na mimi nitakuwepo."

Jumapili nikasimama mahali pale pale alipofunguliwa medali Mzee Kasitu, nikasema mbele ya watu wote, mama yangu akiwemo. Kuna mwanamke alisonya, na alikuwa na haki yake. Nilipomaliza Padre akasogea mbele akasema, "Na mimi nilimhukumu mzee huyu bila kumwuliza." Akamwuliza pale pale habari za maji. Mzee Kasitu akaeleza, kwa urefu, na jogoo wa Joni akiwemo. Padre akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akakohoa. Akasema hajaona kosa katika jambo hilo, na kwamba angefurahi mapadre wenzake wafanye hivyo kabla ya kula pamoja. Kisha akaifunga tena ile medali kwa mkono wake, na kwa vidole vile ilichukua muda, na hakuna aliyeondoka.

Bruda yeye hakuhubiri. Aliniambia, "Desideri. Maji." Nikachota maji mwezi mzima.

Sasa lile swali lenu. Sitaki mtu aseme mzee Desideri ameandika kwamba ubatizo si kitu. Mzee Kasitu aliusubiri miaka minne, na alipoukosa aliumia, na mkewe aliumia zaidi. Maji ni kitu kikubwa. Lakini mimi nilikuwa nayo maji hayo tangu utotoni, na cheti, na katekisimu yote kichwani, na ulimi uliozoea kupokea komunyo, nikamwangamiza jirani kwa neno moja. Yeye hakuwa na chochote katika hivyo, akaja mbio kuunguza viganja kwa ajili ya kanisa alilofungiwa mlango, na kwa ajili ya kijana aliyemfungia. Baada ya hapo, nikisikia mtu anajiita Mkristo, huwa namtazama anamfanyia nini yule aliyemkosea. Huanza na mimi mwenyewe, na kuna siku, hadi leo na uzee huu, sifaulu.

Ilikuja Noeli. Wakatekumeni waliochelewa wangebatizwa siku hiyo, na Mzee Kasitu akiwemo. Wiki moja kabla, katekista aliwaita mmoja mmoja wataje wasimamizi wao, yaani baba wa ubatizo au mama wa ubatizo. Wengine wakataja wazee wa kanisa, watu wenye mvi na heshima zao. Zamu ya Mzee Kasitu ikafika.

"Desideri," akasema.

Katekista akadhani amesikia vibaya. Padre akaitwa. Akasema, "Mzee, msimamizi ni mtu wa kukushika mkono katika imani. Huyu ni kijana. Na ndiye..."

"Ndiye," mzee akamkatiza. "Msimamizi anatakiwa anijue makosa yangu. Huyu amekwisha kunishitaki hata kwa nisiyoyafanya. Atapata wapi jipya? Tena, Padre, na yeye anahitaji mtu wa kumwangalia. Tutaangaliana."

Nilikataa. Nilikataa mara tatu, nikamfuata hadi nyumbani kwake kumsihi. Aliendelea kunoa jembe lake, nalo la dukani, akilisimanga.

Siku ya Noeli nilisimama nyuma yake, mkono wangu wa kuume juu ya bega lake. Watu hawakuona, lakini mkono ulihisi: mzee yule mkorofi alikuwa anatetemeka mwili mzima. Padre akampa jina la Yosefu, akammwagia maji mara tatu. Mama Leokadia akanipa kile kitambaa cheupe, nikamvika mimi. Wakafunga ndoa muda huo huo. Na wakati wa komunyo ulipofika, mama yule alinyanyuka kwenye benchi, akajifunika nusu uso kwa khanga, akapanda mbele pamoja na mumewe. Safari hii waliobaki kwenye benchi ndio waliosogeza miguu ili yeye apite.

Tulipotoka nje kulikuwa na manyunyu. Watu wakakusanyika kuwapongeza. Mzee Yosefu Kasitu akawapita wote, akaja hadi niliposimama. Kwa mila yetu baba wa ubatizo ni baba. Akachuchumaa mbele yangu kwenye tope, mtu wa umri wa kunizaa mara mbili, akapiga makofi polepole kama Wafipa tunavyowasalimu wakubwa, akasema, "Shikamoo, baba."

Niliinama nimwinue. Akagoma. Nilitazama pembeni, nikaona mama yangu analia, nikaona Bruda amesimama kwenye manyunyu, kofia mkononi. Nikamwambia mzee, tafadhali, simama, siwezi.

"Itikia kwanza," akaninong'oneza. "Si kwa ajili yako. Goti linaniuma."

Nikaitikia.